Baba wa Zawadi: Sultani wa Kilwa na dhahabu ya Sofala

Mwaka 1331 chombo kilichosukumwa na upepo wa kaskazi kilitia nanga Kilwa. Ndani yake alikuwamo kijana wa Kimoroko, mzaliwa wa Tanja, ambaye alikwisha kuhiji Makka, akapita Aden, Zeila na Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa. Aliitwa Ibn Battuta. Sultani aliyemkuta Kilwa alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Zawadi. Alitawala tangu mwaka 1310 hivi mpaka 1333 hivi.

Katika miaka hiyohiyo, upande wa pili wa Afrika, Mansa Musa alikuwa akiitawala Mali, tangu 1312 mpaka 1337. Wote wawili walikuwa Waislamu, wote walikuwa wachaji Mungu kwa sifa walizoachiwa, na nguvu za wote wawili zilitokana na dhahabu. Musa alikuwa na milki pana yenye miji na majeshi ya nchi kavu. Al-Hasan alikuwa na kisiwa, pwani na bahari. Ibn Battuta ndiye anayewaunganisha, kwa kuwa mwaka 1352 alivuka Sahara akafika Mali, miaka kumi na tano baada ya Musa kufariki, na akaandika aliyoyaona kama alivyoandika ya Kilwa.

Hapa Pajulu, na Arua mjini kwa jumla, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ukimwuliza kijana tajiri mkubwa wa zamani ni nani, atakutajia Mansa Musa. Amemwona kwenye simu. Ni jambo jema, maana hata sisi tuliosoma zamani hatukufundishwa habari zake. Lakini yule wa Kilwa, ambaye raia wake waliishi katika pwani iliyolea lugha hii ninayoiandika, hajulikani. Nataka kumsimulia kwa sababu utajiri wake unafanana sana na ule unaopita katika njia zetu za mpakani, na kwa sababu mwisho wake una la kutuambia.

Mji uliokaa njiani

Kilwa Kisiwani iko kusini mwa pwani ya Tanzania, katika mkoa wa Lindi. Ni kisiwa kidogo kilicho karibu na bara, chenye bandari iliyokingwa na maji yenye kina. Kisiwani hapo hapakuwa na dhahabu hata punje. Dhahabu ilichimbwa mbali sana, katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa kwa miguu hadi Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo. Huko ndiko wafanyabiashara walikoipokea.

Kilichoipa Kilwa bahati ni upepo. Vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vilishuka na kaskazi na kurudi na kusi. Chombo kilichoondoka kule kikafika Kilwa kiliweza kuuza, kununua na kurudi kwao upepo ulipogeuka. Kikiendelea mpaka Sofala, kilichelewa, na nahodha alilazimika kungoja msimu mwingine akiwa mbali na nyumbani, akila mtaji wake. Kwa hiyo ilikuwa nafuu kwa mgeni kuishia Kilwa, na wenyeji waliozoea maji ya kusini wakaenda Sofala na kurudi. Kilwa ikawa mlango. Nguo za Gujarat, shanga na vyombo vya Uchina viliingia kwa mlango huo, dhahabu na pembe za ndovu zikatoka, na kila kilichopita kililipiwa ushuru.

Zamani dhahabu ya Sofala ilikuwa mikononi mwa watu wa Mogadishu. Mwandishi wa Kireno João de Barros, aliyeandika katika karne ya 16, amehifadhi kisa cha namna Kilwa ilivyoijua siri hiyo. Mvuvi wa Kilwa alinasa samaki mkubwa, akaona uchungu kumpoteza, akang'oa nanga ili amfuate. Mkondo ukamchukua kusini mpaka pwani ya Sofala, na huko akaona chombo cha Mogadishu kikibadilishana bidhaa kwa dhahabu. Aliporudi alimweleza mfalme wake. Pengine ni ngano, lakini inaonyesha watu wa Kilwa walivyouelewa utajiri wao: ulianza siku walipojua dhahabu inapita wapi.

Kijana aliyesoma Aden

Ukoo wa al-Hasan ulishika Kilwa karibu na mwaka 1277, ukachukua nafasi ya watawala wa Kishirazi waliotangulia. Ulikuwa ukoo wa masharifu, wenye mizizi Yemen, na ndio unaoitwa ukoo wa Mahdali. Al-Hasan alikuwa mjukuu wa mwanzilishi wake, ambaye naye aliitwa al-Hasan.

Historia ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kwamba huyu mjukuu alipokuwa bado kijana alikwenda Aden, akakaa miaka miwili akisoma elimu ya dini, kisha akahiji Makka. Utawala ulipomfikia alikuwa safarini, na ndugu yake Dawud akaushika kwa niaba yake. Aliporejea, Dawud alimkabidhi kiti.

Hija hii ni tofauti na ile ya Mansa Musa ya mwaka 1324. Musa alikwenda akiwa mfalme, na msafara wake ukaacha dhahabu nyingi Cairo hata thamani yake ikashuka. Miaka kumi na miwili baadaye mwandishi al-Umari aliwakuta watu wa mji ule bado wanaisimulia. Ndiyo maana ramani iliyochorwa na Wakatalani mwaka 1375 inamwonyesha Musa kitini akiwa ameshika donge la dhahabu mkononi. Al-Hasan alikwenda Makka akiwa mwanafunzi. Hakukuwa na mchoraji wa kumtia katika ramani. Alichorudi nacho ni elimu, marafiki wa Yemen na Hijazi, na heshima ambayo baadaye iliwavuta masharifu na mafakiri kuja kumtembelea.

Husuni Kubwa

Alipotawala, alijenga. Nje kidogo ya mji, upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari, aliinua jumba linaloitwa leo Husuni Kubwa. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Kusini mwake ulikuwako ua mpana uliozungukwa na ghala, ambako mali iliwekwa na kupimwa. Kaskazini yalikuwa makazi ya sultani, ua wa kupokea wageni uliokuwa na ngazi za kukalia, na bwawa la kuogea la pembe nane lililochongwa na kusakafiwa. Ngazi nyingine ziliteremka mpaka ufukweni, ili mgeni anayetoka majini apande moja kwa moja kwa mwenyeji wake.

Ujenzi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Matumbawe yalitolewa baharini yangali laini, yakachongwa nakshi, kisha yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la kuni. Mapaa yalishikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazina urefu mkubwa, vyumba vilijengwa vyembamba na virefu. Palipohitajika upana, mafundi walijenga kuba. Al-Hasan aliupanua pia Msikiti Mkuu wa Kilwa, akaongeza sehemu kubwa kuliko ile ya zamani, yenye nguzo, matao na kuba. Wakati huo kusini mwa Sahara palikuwa na majengo machache sana ya kulinganishwa na haya.

Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick alipochimba Husuni Kubwa alipata maandishi ya Kiarabu yenye jina la sultani huyu pamoja na cheo chake, al-Malik al-Mansur, mfalme aliyepewa ushindi. Alipata pia chupa ya kauri ya Uchina ya zama za ufalme wa Yuan. Jumba lenyewe halikukamilika. Sehemu zake nyingine ziliachwa mafundi wakiwa bado kazini.

Sultani alipiga pia sarafu. Nyingi ni za shaba, ndogo, zisizo na mwaka, zenye maandishi ya vina: upande mmoja zinamtaja Mungu mpaji ambaye sultani anamtegemea, upande wa pili zinataja jina la sultani, na maneno ya pande hizo mbili yanaishia kwa sauti moja. Moja ya sarafu zake iliokotwa Zimbabwe Kuu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa, karibu na chimbuko la dhahabu yenyewe. Dinari chache za dhahabu zenye jina lake nazo zimetambuliwa na wataalamu, jambo la nadra kabisa katika Afrika Mashariki ya zama hizo.

Nguo alizokuwa amevaa

Ibn Battuta aliuona mji akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko mingi. Aliwaeleza wenyeji kuwa watu weusi wenye chale usoni. Wazee wengi wa Kikakwa na Kinubi huku kwetu walikuwa nazo mashavuni, kwa hiyo msomaji wa Koboko hatapata shida kuwaona watu wale machoni pake. Mfanyabiashara mmoja alimweleza kwamba Sofala iko safari ya nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba dhahabu hufika Sofala kutoka nchi ya ndani iliyo mwendo wa mwezi mzima.

Lakini kilichomgusa zaidi ni tabia ya sultani. Alimwona akikaa na mafakiri, akila pamoja nao, akiwaheshimu watu wa dini na wa ukoo wa Mtume. Ijumaa moja sultani alitoka msikitini kwenda nyumbani kwake. Fakiri kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akamwomba nguo zilezile alizokuwa amevaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa hiyohiyo. Sultani akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nyingine, akamwita fakiri azichukue zile. Watu waliokuwapo walistaajabu kwa unyenyekevu ule. Mwanawe, aliyekuwa mrithi wa kiti, akazikomboa zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu jambo hilo, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ibn Battuta anaongeza jambo ambalo ni rahisi kulipita: zawadi nyingi za Kilwa zilikuwa pembe za ndovu, na dhahabu ilitolewa kwa nadra. Sultani wa dhahabu hakuwa mwepesi wa kutoa dhahabu. Ilikuwa na njia yake tayari, kutoka Sofala hadi ghala, kutoka ghala hadi chombo, kutoka chombo hadi Aden, Hormuz na Cambay. Kilwa iliitoza ushuru na kuiacha iendelee. Ndiyo tofauti yake na Mali, ambako nchi ya machimbo na mfalme vilikuwa karibu zaidi.

Waliolipa zawadi

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo wa sultani huyu haukuwa haba. Hata hivyo mtu anayempenda lazima aulize zile zawadi zilitoka wapi, na Ibn Battuta hakulificha hilo. Sultani alikuwa akifanya vita mara kwa mara katika nchi za bara zilizopakana naye, dhidi ya watu wasio Waislamu, akateka mali na watu. Sehemu ya tano ya ngawira aliitenga kama sheria ya Kurani inavyoagiza, na fungu la jamaa wa Mtume akaliweka mahali pake, ili masharifu wakija kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko awape.

Tazama tena watumwa ishirini aliopewa yule fakiri. Kisa kile kimesimuliwa kwa karibu miaka 700 kuonyesha ukarimu. Ibn Battuta aliandika idadi yao, hakuandika jina la hata mmoja. Walikuwa watoto wa watu, waliotolewa vijijini kwao kwa nguvu, na siku ile walipewa mtu mwingine kwa sababu ya kanzu. Sisi wa West Nile tunaielewa habari hii kwa uchungu wa kwetu, kwa maana katika karne ya 19 wafanyabiashara wa watumwa na pembe kutoka Khartoum walipanda Nile wakafanya vivyo hivyo kwa mababu zetu. Sultani alikuwa mkarimu kwa kweli, na waliotekwa waliteswa kwa kweli. Historia inayosema moja na kunyamazia la pili haijakamilika.

Ndugu waliofuata

Al-Hasan alifariki miaka michache tu baada ya Ibn Battuta kuondoka. Akafuata Dawud, yule ndugu aliyewahi kumshikia kiti. Kwa maelezo ya Ibn Battuta, Dawud alikuwa kinyume chake kabisa. Mwombaji akimjia, alimjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa miezi mingi, wakapewa kidogo, mpaka watu wakaacha kuja.

Mali nayo ilikuwa na habari ya kushangaza kwa jinsi inavyofanana. Ibn Battuta alipofika huko mwaka 1352 alimkuta Mansa Sulayman, ndugu wa Musa. Aliambiwa zawadi ya mfalme imefika, akainuka akitazamia mavazi na mali. Akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe kilichokaangwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Akacheka, na hakuacha kuliandika jambo hilo. Yawezekana ndugu hawa wawili hawakuwa wabahili kama anavyosema; yawezekana kila mmoja alirithi hazina iliyokwisha kupungua. Kutoa kwa mkono wazi kuna gharama, na mara nyingi anayeilipa ni yule anayefuata.

Husuni Kubwa ilihamwa muda si mrefu. Sehemu ya msikiti ilianguka, ikajengwa upya katika karne ya 15. Biashara iliendelea, lakini Kilwa haikupata tena sultani wa kiasi kile. Kisha mlango ukachukuliwa na wengine. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na mizinga akamlazimisha mtawala wa Kilwa, amiri Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuvamia mji, askari wake wakaupora, na mwaka huohuo Wareno wakajenga ngome Sofala kwenyewe. Dhahabu ile ya kodi ilipelekwa Lisbon, na mwaka 1506 ikafuliwa kuwa chombo cha ibada cha kanisa kinachojulikana kama Custódia ya Belém. Kipo mpaka leo katika makumbusho ya mji huo, na kinahesabiwa miongoni mwa kazi bora za uhunzi wa dhahabu za Ureno. Kilwa imebaki na kuta, zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981.

Sisi wa Pajulu

Mtu anaweza kuuliza Kilwa inatuhusu nini sisi tulio mamia ya maili kutoka baharini. Uislamu wetu haukutoka huko. Ulitufikia kwa njia ya Nile, pamoja na askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, ambao wazao wao ndio Wanubi wa Arua na Koboko. Kiswahili chetu kilikuja na jeshi la kikoloni na biashara, na masoko ya mpakani yakakikuza.

Inatuhusu kwa sababu ya njia. Magharibi yetu, ng'ambo ya mpaka, iko Haut-Uele na Ituri, nchi za dhahabu. Mgodi wa Kibali, ulioanza kuzalisha mwaka 2013, ni miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu barani Afrika. Kando yake kuna maelfu ya wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa nyundo na tochi. Kwa miaka mingi ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi dhahabu ya Kongo mashariki inavyovuka kuingia Uganda kabla ya kuruka kwenda Dubai. Uganda imekuwa ikiuza nje dhahabu nyingi kuliko inayochimba. Aliyeisoma Kilwa anauelewa mpango huu mara moja: shimo liko kwa mmoja, mlango kwa mwingine, na soko kwa wa tatu.

Mlango unatajirisha, nalo si kosa. Kilwa isingejenga msikiti ule bila mlango wake. Kosa la Kilwa ni kwamba haikujenga udugu na walioko shimoni wala walioko njiani. Wale wa bara iliwaona kama ngawira. Wale wa machimbo ilijuana nao kwa nguo na shanga. Meli za Wareno zilipokuja, haikuwa na jirani wa bara mwenye sababu ya kuifia. Mji ulioshika biashara ya dhahabu kwa karne kadhaa ulitekwa kwa siku moja.

Kwa hiyo natamani walimu wetu wa historia wamfundishe Abu al-Mawahib bega kwa bega na Mansa Musa, na wamfundishe kikamilifu: mwanafunzi wa Aden, mjenzi wa Husuni Kubwa, mtu aliyevua nguo zake kumpa maskini, na mtekaji wa watu. Kijana wa Pajulu anayefikiria kuingia katika biashara ya dhahabu ataona humo kwamba ukarimu wa mezani hautoshi. Tajiri anapimwa pia kwa yule aliye mwisho wa njia, ambaye jasho lake ndilo lililoanzisha mali. Kama mchimbaji wa Haut-Uele analipwa haki yake, na jirani wa mpakani anamwona mfanyabiashara wa Arua kuwa ndugu, mlango wetu utakuwa na watu wa kuulinda. Kilwa haikuwa nao, na ndiyo maana dhahabu yake iko Lisbon.